Chanjo ya kideri kwa kuku wa kienyeji: friji si kisingizio tena, tatizo limehamia kwenye tone

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kikiingia kwenye kuku wa kienyeji ambao hawajawahi kuchanjwa, kinaweza kuua 80 hadi 100 kati ya kila kuku 100. Hakuna dawa ya kukitibu. Antibayotiki haziui virusi, pilipili na mwarobaini kwenye maji haviui virusi, na kuku anayepona kwa bahati anaweza kubaki na shingo iliyopinda au mguu uliolemaa. Kinga pekee ya kutegemea ni chanjo, na chanjo zake zimekuwepo tangu miaka ya 1940. Sasa kwa nini kuku wa vijijini waliendelea kufa kwa wingi miaka 50 baadaye?

Kwa sababu chanjo zile zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba makubwa. Chupa moja mara nyingi ina dozi 1,000 au zaidi, na tangu itoke kiwandani hadi imfikie kuku inapaswa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. La Sota, mojawapo ya chanjo hizo, ni nzuri tu, lakini ukiisafirisha juu ya pikipiki mchana wa jua kali bila barafu, unachofikisha kwa mfugaji ni maji yenye virusi vilivyokwisha kufa. Mwenye kuku 12 hanunui dozi 1,000, na duka la karibu naye halina friji. Mpango wowote wa chanjo usiozingatia mambo hayo mawili ulikuwa umeshindwa kabla haujaanza.

Utafiti uliobadilisha hali hii ulianza na swali jepesi kulitamka: je, kuna aina ya virusi vya kideri isiyosababisha ugonjwa, inayompa kuku kinga, na isiyoharibiwa upesi na joto? Mwaka 1984 kituo cha Australia cha utafiti wa kilimo wa kimataifa, ACIAR, kilianza kugharamia kazi hiyo, iliyofanywa na Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland pamoja na watafiti wa Malaysia. Walianza na V4, aina isiyo na madhara iliyopatikana Queensland miaka ya 1960, wakachuja vile vinavyostahimili joto. V4 ilifanya kazi, ila ilikuwa tayari mikononi mwa watengenezaji wa kibiashara. Ndipo ikatafutwa aina nyingine yenye sifa zilezile ambayo maabara za serikali katika nchi zinazoendelea zingeweza kupewa mbegu yake, yaani virusi vya kuanzia uzalishaji, bila ada na kuizalisha zenyewe. Hiyo ndiyo I-2. Vietnam iliifanyia kazi mapema, kisha ikaenea Afrika: Msumbiji, Malawi, Ghana, Tanzania. Kwa Tanzania, uzalishaji uko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na chanjo yake huitwa TEMEVAC.

Jambo la kupewa mbegu naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Maabara hupanda mbegu ya I-2 kwenye mayai yenye kiinitete cha siku 9 au 10, huyaacha kwenye joto la kuatamia kwa siku kama 4, kisha huvuna majimaji yanayozunguka kiinitete. Kinachopimwa humo ni idadi ya vipimo vya maambukizi, kila kipimo kikiwa kiasi cha virusi kinachotosha kuambukiza nusu ya mayai yaliyopandwa. Kuku mmoja anahitaji angalau vipimo milioni 1 kwa tone la jichoni. Mavuno yakiwa na bilioni 1 kwa kila mililita, mililita moja ina dozi 1,000 kabla ya kutoa kinachopotea wakati wa kukausha na kuhifadhi. Kwa hiyo chanjo yenyewe si ghali kutengeneza. Gharama iko kwenye kuifikisha, na hapo ndipo kustahimili joto kunapolipa.

Lakini kustahimili joto kuna mipaka, na mipaka hiyo inapuuzwa mno. I-2 iliyokaushwa kwa kugandishwa huhifadhi nguvu yake kwa wiki 8 kwenye nyuzi 28, ikiwa gizani. Sharti la mwisho ndilo watu hulisahau. Jua linaua virusi hivi hata kama hewa ni ya ubaridi. Tena nyuzi 28 si nyuzi 45 za ndani ya gari lililofungwa vioo, wala za chini ya paa la bati saa nane mchana. Penye friji, itumie. Njiani, funga chupa kwa kitambaa kilicholowana, weka ndani ya kikapu kinachopitisha hewa, na kilowanishe tena kila kikikauka. Maji yanapokauka huondoka na joto. Andika kwenye kifungashio tarehe chanjo ilipotoka kwenye friji. Chupa isiyojulikana imekaa nje kwa muda gani haifai kuaminiwa, hata kama tarehe ya kuisha muda bado iko mbali.

Hesabu ya tone

Hapa ndipo dozi nyingi hupotea. Chanjo huja kama unga mkavu, unaichanganya na maji, unaiweka kwenye kichupa cha plastiki cha kudondoshea, na kila kuku anapata tone 1 katika jicho 1. Kifaranga wa siku moja na jogoo mkubwa wanapata tone lilelile. Wanaopunguza dozi ya vifaranga kwa kuwa ni wadogo wanakosea. Swali ni maji kiasi gani. Watu wengi hujibu kwa mazoea, ilhali jibu linategemea kichupa, kwa kuwa matundu hayalingani. Kimoja hutoa matone 30 kwa mililita, kingine 40.

Kupima ni rahisi. Chukua sirinji ya mililita 5, toa kisukumio chake, ziba mdomo wa chini, isimamishe wima. Tia maji hadi alama ya 1. Sasa jaza kichupa chako maji safi, kigeuze kiwe wima kabisa, mdomo chini, na dondosha ndani ya sirinji ukihesabu mpaka maji yafike alama ya 3. Gawanya matone kwa 2. Hayo ndiyo matone ya mililita moja. Rudia mara tatu uchukue wastani, kisha uandike kwenye kichupa kwa wino usiofutika. Ukianzia alama ya 1 badala ya chini kabisa unakwepa ile nafasi ya mdomo wa sirinji inayovuruga kipimo.

Baada ya hapo, gawanya dozi za chupa kwa matone ya mililita moja. Chupa ya dozi 200 na kichupa cha matone 40 inataka mililita 5. Chupa hiyohiyo na kichupa cha matone 30 inataka mililita 6.7. Ukitia mililita 5 kwenye kichupa cha matone 30 utapata matone 150 tu: kuku 50 uliowahesabu hawatachanjwa. Ukikosea upande wa pili, yaani mililita 6.7 kwenye kichupa cha matone 40, utapata matone 268 na kila kuku atapewa robo tatu ya dozi. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kila mtu ameridhika, matone yametosha na kubaki, na miezi miwili baadaye kuku wanakufa na chanjo inapewa lawama. Wapo pia wanaoongeza maji makusudi ili chupa itoshe kuku wengi zaidi. Dozi 200 ndani ya mililita 10 kwa kichupa cha matone 40 ni matone 400 ya nusu dozi. Huko si kubana matumizi.

Namna ya kukishika kichupa ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Kikiinamishwa, ukubwa wa tone hubadilika, na kipimo ulichokifanya kikiwa wima hakina maana tena. Tone lenye kiputo cha hewa halijatimia, kwa hiyo litupe, dondosha jingine. Usikikumbatie kichupa kiganjani kati ya kuku mmoja na mwingine, kwa sababu kiganja kina joto la nyuzi zaidi ya 30. Kirudishe kwenye kivuli au kwenye kitambaa chenye unyevu.

Maji nayo yana masharti. Klorini ya maji ya bomba huua virusi vya chanjo kama inavyoua vijidudu vingine. Chemsha maji, yaache yapoe usiku kucha kwenye chombo kisafi kisicho cha chuma, uyatumie asubuhi. Maji ya moto au vuguvugu hayafai. Kichupa kioshwe kwa maji yaliyochemshwa bila sabuni na bila dawa ya kuulia vijidudu, maana mabaki kidogo tu ya dawa hiyo yanatosha kuharibu chupa nzima. Changanya kiasi cha kutumia siku ile na ufuate maelekezo ya kwenye chupa kuhusu kinachobaki. Ikishalowana, chanjo haina tena ule ustahimilivu wa unga mkavu.

Kuchanja kwenyewe kufanyike alfajiri kabla banda halijafunguliwa. Kuku wa kienyeji akishatoka, kumkimbiza kunachosha watu na kuku, na nusu yao hawapatikani. Mwenye kuku awashike yeye, wanamjua. Alazwe ubavu, kichwa kishikwe jicho likitazama juu, tone lidondoke kutoka juu kidogo bila mdomo wa kichupa kugusa jicho. Kisha subiri. Mpaka kuku apepese jicho na tone lienee, usimwachie, kwa sababu akitikisa kichwa mapema tone linaishia kwenye manyoya. Likikosa jicho, rudia. Njia ya jicho ina sababu yake: nyuma ya jicho la kuku kuna tezi yenye chembe za kinga, na maji ya jicho hushuka puani, kwa hiyo virusi vya chanjo huzaliana palepale ambapo kideri halisi hupenda kuingilia.

Mchanjaji anawe mikono kila akimaliza. Virusi hivi vikimwingia mtu machoni vinaweza kuyafanya yawe mekundu kwa siku chache.

Maji ya kunywa, chakula, na tamaa ya njia rahisi

Wazo la awali la watafiti lilikuwa zuri kuliko tone: changanya chanjo kwenye chakula, kuku wajichanje wenyewe. Kusini Mashariki mwa Asia wali uliopikwa ulibeba virusi vizuri na majaribio yalitoa matumaini. Kwingine matokeo yalikuwa dhaifu. Nafaka mbichi nyingi zina vitu vinavyoua virusi au kuving'ang'ania visiachie, na tena kuku wababe hula sana huku vifaranga wakipata makombo, kwa hiyo dozi haijulikani. Anayekuuzia wazo la chanjo ya kwenye mahindi makavu mwulize kwanza amepima nini.

Maji ya kunywa yanafanya kazi kwa masharti. Kuku wanyimwe maji usiku, maji ya chanjo yawe ya kutosha kuisha ndani ya saa 2 hivi, na yaongezwe maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 hadi 3 kwa lita ili kuzuia klorini. Kinga inayopatikana ni ndogo kuliko ya tone, hivyo unahitaji kurudia baada ya wiki 2 hadi 3, kisha kila miezi 3. Kwa kuku waliofungiwa njia hii inawezekana. Kwa kuku wanaozurura, wakipita dimbwini asubuhi wameshakunywa.

Ipo pia hoja kwamba kuku aliyechanjwa I-2 humwambukiza mwenzake chanjo wakilala banda moja. Ni kweli, hilo limethibitishwa, Tanzania ikiwemo. Lakini kiasi anachopata jirani hakipimiki, na kuku wanaolala juu ya miti wametawanyika hawafaidiki sana. Ichukulie kama nyongeza, usiipunguzie matone kwa sababu yake.

Kalenda

Kwa tone la jichoni, I-2 hurudiwa kila baada ya miezi 4, yaani mara 3 kwa mwaka. Januari, Mei na Septemba ni mpangilio mmoja unaotumika. Wengi hudhani ni kwa sababu kinga inakwisha. Kinga ya kuku mmoja mmoja inapungua kweli, ila sababu iliyo nzito zaidi ni vifaranga. Kundi la kuku wa kienyeji hujibadilisha haraka: koo 3 zikiangua vifaranga 8 kila mmoja baada ya kampeni, una viumbe 24 ambao hawajaliona tone, pembeni ya wakubwa labda 10 waliochanjwa. Kwa takwimu za kundi, chanjo imeshuka chini ya theluthi moja hata kama hakuna kuku mzima aliyepoteza kinga. Ukichanja mara moja kwa mwaka unakuwa umewalinda wale ambao wengi wao watakuwa wameliwa au kuuzwa ugonjwa ukifika.

Vifaranga wa mama aliyechanjwa wana jambo lao. Huzaliwa na kingamwili za mama, ambazo huweza kupambana na chanjo yenyewe katika wiki za mwanzo. Wape tone, lakini usiwaruke raundi inayofuata kwa kudhani wamemaliza.

Panga raundi mojawapo iangukie angalau mwezi 1 kabla ya msimu ambao kideri huzoeleka kufika eneo lako. Kinga inahitaji siku 7 hadi 14 kujijenga, na ugonjwa wenyewe hujificha mwilini siku 2 hadi 15, kwa kawaida 5 au 6, kabla dalili hazijatokea. Ukiweka namba hizo mbili pamoja utaona kwa nini kuchanja kuku wakishaanza kufa ni kujitafutia lawama. Wale wanaobeba virusi tayari watakufa siku ya tatu au ya nne baada ya tone, na kijiji kizima kitasema chanjo imewaua. I-2 haina uwezo wa kusababisha kideri, lakini hoja hiyo haisikiki mbele ya mizoga. Isitoshe, mchanjaji anayetoka nyumba yenye wagonjwa anaupeleka ugonjwa nyumba ya pili kwa viatu, mikono na nguo. Mlipuko ukiwepo, anza na vitongoji ambavyo haujafika, na wale wagonjwa waache.

Kuhusu malipo nina msimamo: chanjo ya bure huua mpango wa chanjo. Mradi ukigawa bure miaka 3 kisha ukaondoka, mfugaji ameshazoea kuwa tone halina bei, na mchanjaji hana sababu ya kuamka alfajiri. Malipo madogo kwa kila kuku, yanayorudisha gharama ya chupa na kumwachia mchanjaji kitu, ndiyo yanayomfanya arudi baada ya miezi 4. Mchanjaji akiwa mkazi wa hapohapo, hasa mwanamke, kwa kuwa katika nyumba nyingi kuku ni mali ya wanawake, anaingia mabandani bila kubishiwa.

Kuku wakifa baada ya chanjo

Kabla ya kulaumu, uliza tarehe. Vifo ndani ya wiki 2 za kwanza vinaelekeza kwenye maambukizi yaliyokuwepo. Vifo baadaye, kwa kuku waliopata tone, vinataka upekuzi: chupa ilikaa wapi, maji yalikuwa yapi, kichupa kilipimwa? Kisha uliza kama ni kideri kweli. Kuharisha kijani, kuhema kwa mdomo wazi, kupooza mabawa na kupinda shingo ni dalili zake, lakini mafua makali ya ndege na kipindupindu cha kuku huua kwa kasi hiyohiyo na vinaweza kufanana nacho. Vifaranga wanaozubaa na kuharisha damu, huenda ni koksidia. Vidonda vya upanga wa kichwani na macho ni ndui. I-2 haizuii hata mojawapo ya haya.

Maabara inaweza kujibu maswali mawili tofauti. Kujua kama chanjo ilishika, huchukuliwa damu ya kuku waliochanjwa wiki 3 hadi 4 zilizopita na kufanyiwa kipimo cha HI, ambacho huangalia seramu, yaani majimaji ya damu bila chembe, inaweza kuzimuliwa kiasi gani na bado ikazuia virusi kugandisha chembe nyekundu za damu. Ikizuia hata ikizimuliwa 1 kwa 8 au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kinga ipo. Chini ya hapo kwa kuku wengi, rudi kwenye kichupa na kwenye chupa.

Kujua kilichoua, peleka mizoga 2 au 3 iliyokufa muda mfupi uliopita, au kuku wagonjwa walio hai, si ule wa juzi uliovimba. Mizoga iwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, pamoja na barafu, bila kugandishwa ikiwa itafika siku hiyohiyo. Ambatanisha karatasi yenye umri wa kuku, idadi ya waliokuwepo na waliokufa, tarehe ya kifo cha kwanza, tarehe ya tone la mwisho na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa ya chanjo. Karatasi hiyo funga nje ya mifuko. Ikilowa ndani haisomeki.